Njombe Kila Kitu Kinaota, Isipokuwa cha Kwangu

Jamani, kuna uongo mmoja unazunguka nchi hii na hakuna anayeukamata. Eti Njombe ukidondosha mbegu njiani, ukirudi unakuta shamba. Aliyeutunga hajawahi kulala Njombe mwezi wa saba. Alipita na basi mwezi wa pili, mvua inanyesha, kijani kila upande, akanunua gunia la viazi pale Makambako, akarudi Dar kututangazia. Mimi nikaamini. Mimi ni mtu wa kuamini. Ndiyo kazi yangu kubwa hapa duniani.

Mji huu umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wenye elimu yao wanasema kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua nyuzi 6 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Chukua joto la Kariakoo, toa 12. Kinachobaki ndicho tunacholalia. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane kuna alfajiri kipimajoto kinang'ang'ania nyuzi 5, na nyumba zetu hizi za kupanga hazina hita, zina madirisha yasiyofunga. Ukiongea unatoa moshi mdomoni. Kijana wangu wa darasa la nne anafurahi, anajifanya anavuta sigara. Nikitoa mimi, watu wananiuliza nimeanza lini.

Huku nimehamishiwa kikazi. Sikuomba. Nimezaliwa Mbagala, nimekulia Mbagala, sweta nililiona kwa watu wanaosafiri. Nafika stendi nakuta watu wamevaa koti juu ya koti na mzula kichwani, saa sita mchana, wanacheka. Nikajua nimeletwa kuadhibiwa. Kosa tu ndiyo sijaambiwa mpaka leo.

Sasa nyuma ya nyumba kuna kaeneo. Shemeji yenu akakaona. Akakazunguka. Akarudi ndani ameshika kiuno.

"Baba watoto, kaeneo kale kamekaa bure. Tulime mboga. Tufuge na kuku. Tutaokoa hela."

Nilipouliza sisi ni kina nani, akanikabidhi jembe.

Nikaenda duka la pembejeo. Nikaomba mbegu za mchicha na bamia, maana mboga ninazozijua ni hizo. Muuzaji akanitazama. Akatazama nje. Akanitazama tena.

"Mzee, unapeleka Manda, kule ziwani?"

Nikamwambia ziwa nitalijulia wapi, napanda hapa hapa, nyuma ya nyumba. Akatia pakiti kwenye mfuko, akapokea hela, akanipa chenji na pole. Pole! Sijafiwa.

Bamia zikaoza ardhini. Hazikuchungulia hata kusalimia. Eti zinataka udongo wa joto. Mimi ningejuaje? Bamia nilizokutana nazo mimi zote zilikuwa sahanini. Mchicha wenyewe ulichipua. Nikaita familia. Tukapiga picha, nikaituma kwenye grupu la ukoo. Majani mawili, manne. Halafu ukasimama.

Kule Dar mchicha ukiupanda, wiki ya tatu au ya nne unang'oa, unafunga mafungu. Unapenda jua kali lile la kuchoma kisogo. Huku wiki zikapita. Mshahara ukaingia, mshahara ukatoka. Mchicha uko pale pale, majani yale yale, urefu wa kidole. Mjomba akauliza kwenye grupu, "Ile mboga mlishakula?" Nikaondoka hewani.

Na hapa ndipo penye ugomvi wangu. Mimi sigombani na kitu kufa. Mbagala kitu cha bustani kina msimamo. Kinaota unakula, au kinakauka unafagia, unaendelea na maisha yako. Baridi ya huku haina msimamo. Haiui. Inachelewesha. Mmea hauumwi, haukui, haufi, umesimama tu unakutazama. Kuung'oa ni dhambi. Kuula ni aibu. Basi unaumwagilia. Kila siku unamwagilia kitu ambacho hakijaamua.

Waliotunga "mvumilivu hula mbivu" hawakusema wakati anavumilia anakula nini.

Shemeji yenu akabadilisha mpango. Akaleta mbegu za watu wa baridi: karoti, kabichi, chainizi, njegere, giligilani. Hizo, akasema, baridi ndiyo starehe yao. Giligilani kule kwetu ukiipanda inakimbilia kutoa maua kabla hujaichuma, huku inakaa na majani yake kwa raha. Sawa. Nikapanda karoti. Nikasubiri. Hamna. Nikasubiri tena. Hamna.

Karoti hata kwenye joto inajivuta kuota, na kwenye baridi inaweza kupitisha wiki tatu bila kutoa hata unywele. Lakini hilo nimekuja kulisikia baadaye. Siku ile nilichokuwa nacho ni wasiwasi na kijiko. Si jembe. Kijiko cha chai, nina heshima zangu. Nikafukua kidogo pembeni ya mstari nione kinachoendelea. Hamna. Nikasogea mbele nikafukua tena. Hamna. Mbegu yenyewe ya karoti ukipiga chafya imehamia kata ya pili. Nikafika katikati ya tuta nimepiga magoti, pua inachuruzika, kijiko mkononi, nasikia sauti juu ya ua.

"Kamwene!"

Ni bibi jirani. Hiyo ni salamu ya huku. Ndilo neno pekee la Kibena nililonalo na hata hilo huwa nalijibu vibaya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umepoteza nini?"

"Karoti."

"Zimeibiwa?"

"Hapana bibi. Nimezipanda."

Akanyamaza. Akanyamaza tena. Kisha akasema taratibu, kwa huruma ya kweli, "Basi ziache zilale, baba. Baridi usingizi wake ni mrefu. Hata wewe Jumamosi tunakuona unatoka saa nne."

Kumbe mtaa mzima una ratiba yangu.

Bibi huyu, nyie, sijui nimwelezeje. Ana kanga mbili, sweta la marehemu mume wake na gambuti zilizozibwa kwa kiraka cha tairi. Keni hana. Anamwagilia kwa kopo la mafuta ya kula alilolitoboa kwa msumari. Mimi nina keni mpya ya kijani yenye kichwa cha shaba. Sasa chungulia upande wake wa ua wa matete: kabichi zimejifunga ngumi, mnafu umetanda, njegere zimepanda mpaka ncha za vijiti, vitunguu saumu vimejipanga mstari. Chungulia wangu: keni.

Nikadhani siri ni maji. Nikaongeza maji. Kila jioni nikitoka kazini namwagilia mpaka giza, maana kwetu ndivyo tunavyofanya, mchana jua linakunywa yote. Bibi akanisimamisha tena. Maji ya jioni, akasema, yanalala kwenye majani usiku kucha, baridi inayakuta huko, ukungu unaingia. Mwagilia saa nne asubuhi, jua likishashika, tena chini kwenye shina, sio kuiogesha mboga.

Saa nne mimi niko ofisini. Nikaomba ruhusa. Bosi akauliza, kuna mgonjwa? Nikasema, chainizi. Akachukua kalamu, akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Ninachojua, tangu siku ile watu wa mapokezi wananiita Bwana Chainizi, na mgeni mmoja kutoka wizarani aliandika barua kwa jina hilo.

Tuje kwenye mboji. Samadi mbichi haiwekwi kwenye miche, inaiunguza. Ukiiwekea karoti inatoka na miguu. Inabidi uirundike kwanza na majani na maganda ya jikoni, tabaka kwa tabaka, unyevunyevu, uiache iive. Katikati unachomeka kijiti kirefu. Ukitaka kujua kama kazi inaendelea unakichomoa unakishika. Alfajiri moja nikaenda kuchomoa changu. Umande mweupe kila mahali. Lundo linatoa mvuke, unapanda taratibu. Nikavuta kijiti. Kikatoka kina jasho, cha moto, sikuweza kukishika sawasawa. Humo ndani vijidudu visivyoonekana vinakula taka vinatoa joto, linaweza kufika nyuzi 60. Nyuzi 60! Kwangu hakuna kitu kingine chenye nyuzi 60 isipokuwa hasira za shemeji yenu bando likiisha.

Nikasogea. Nikanyoosha mikono juu ya lundo. Pakapendeza. Nikageuka nikapasha na mgongo. Nikafumba macho. Pikipiki ikapunguza mwendo barabarani.

"Mzee! Anika na soksi!"

Vijana wa bodaboda. Watatu. Wakazima pikipiki kabisa ili wacheke vizuri. Nikajifanya nakagua. Nikachukua kijiti nikakinusa kitaalamu. Ikawa mbaya zaidi. Sasa nikipanda boda mji huu naulizwa, "Nikushushe nyumbani au kwenye samadi?"

Lakini hayo yote ni utangulizi. Ngoja niwaambie usiku wa barafu.

Jioni ile anga lilifunguka. Nyota mpaka zinabanana. Upepo umetulia tuli. Nikamshika shemeji yenu mkono nikamtoa nje. "Mama watoto, tazama nyota." Kwetu nyota ni habari njema, kesho jua. Tukatazama. Huku upande wa pili bibi anakimbia, anatandaza nyasi kavu na magunia juu ya nyanya zake.

"Baba, funika!"

Nifunike nini, na sisi tuko kwenye mapenzi?

Kumbe anga jeupe ndilo adui. Mawingu yakiwepo yanalizuia joto la ardhi lisitoroke. Yakiondoka, joto lote linapanda juu, linaenda zake bila kuaga. Halafu hewa ya baridi ni nzito. Inateremka polepole kufuata mteremko, inakwenda kujaa bondeni. Na mwenye nyumba wangu, Mungu amlipe, amejenga bondeni kabisa. Bibi yuko juu kidogo. Barafu ikitoka milimani inampita bibi, inampa shikamoo, inakuja kulala kwangu.

Nikakimbilia ndani. Nikazoa mashuka. La watoto likaenda kwenye njegere. Taulo kwenye pilipili hoho. Nyanya zikapata shuka la wageni, jeupe, lile ambalo mama mkwe alilitarizi mwenyewe kwa mkono. Yakaisha. Limebaki tuta la viazi. Nikavua koti nikalitandaza juu ya viazi, halikufika mwisho, nikarudi ndani nikajikunja kwenye kochi na mkeka.

Asubuhi mashuka yamekakamaa. Ukiinua pembe moja, lote linainuka. Nikaenda kwenye viazi. Majani ambayo koti halikuyafikia yalikuwa meupe pembezoni, chumvi tupu. Ukiyagusa yanavunjika kwa mlio mdogo, ka. Jua lilipopanda yakalegea. Yakawa meusi. Yakatoa maji, yakalala. Ya chini ya koti mazima, ya kijani, hayana habari. Tuta moja, nusu hai nusu marehemu, na mpaka wenyewe umechorwa vizuri, unaona kabisa mkono wa kulia wa koti uliishia wapi.

Nilikuwa nimesimama pale bila koti, nimeinamisha kichwa, uwanja mzima una mashuka meupe. Kina mama wa mtaa walipopita wakasimama. Wakanong'ona. Baada ya muda wakarudi wamejifunga kanga, wamebeba unga na maharage.

"Poleni sana baba. Nani tena?"

"Viazi," nikasema. Sikuwa na nguvu za sentensi ndefu.

Wakatazamana. Mmoja akauliza kwa upole huyo Viazi alikuwa ndugu wa upande wa baba au wa mama. Nikafungua mdomo nieleze. Shemeji yenu akatoka mbio, akasema, "Karibuni ndani," akapokea unga.

Tuliula wiki ile yote. Ndiyo mavuno ya kwanza ya bustani yetu. Mama mkwe naye, sijui nani alimpigia simu, akafika siku ile ile jioni, akatandikiwa shuka lake, akalala na jani la nyanya shavuni. Asubuhi hakusema kitu. Alilikunja shuka, akalitia kwenye begi lake, akaondoka nalo.

Na kuku je? Msiniulize kuhusu kuku. Haya, niulizeni.

Shemeji yenu alinunua vifaranga kwenye baridi hii hii, kwa sababu wakati huu, eti, bei imeshuka. Bei imeshuka kwa sababu wenye akili hawanunui. Kifaranga wiki yake ya kwanza anataka nyuzi 32 mpaka 35. Kila wiki unampunguzia nyuzi 3 hivi mpaka aote manyoya ya kujitegemea. Huhitaji kipimajoto, wenyewe wanasema. Wakirundikana pembeni wanalia, wana baridi. Wakikimbia moto wamefungua midomo, wameiva. Wakitawanyika wanakula, mambo safi. Yaani kifaranga anasikilizwa. Mimi nikijikunja pembeni nalia, naambiwa acha uvivu.

Umeme wa taa ya kuwapasha joto ukawa unakatika. Basi jiko la mkaa, lile la sebuleni, tegemeo la familia, likahamishiwa chumba cha vifaranga. Kwa masharti: juu ya ukuta paachwe nafasi hewa ipite, maana hewa ya mkaa haina harufu na inaua kimyakimya, kuku na watu, haichagui. Hilo sifanyii mzaha. Ninachofanyia mzaha ni kwamba nikaanza kula chakula cha usiku kule. Nikahamishia na redio. Shemeji yenu akija na chai anapiga jicho kwa vifaranga kwanza, anawahesabu mmoja mmoja, halafu ndiyo ananiona mimi. Jioni moja alihesabu, akatoka, akafunga mlango kwa nje.

Ofisini wakaniambia, wewe Bwana Chainizi, tatizo lako huna mfano wa kuigiza. Nenda Makete kwenye Hifadhi ya Kitulo ukaone bustani. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2005, iko kwenye uwanda wa mita 2,600 hivi, na watu wanaiita Bustani ya Mungu. Okidi peke yake zina aina zaidi ya 40. Nikamwambia shemeji yenu twende tukajifunze kwa Fundi mwenyewe. Tukakodi gari. Tukafunga chapati. Tukafika mwezi wa saba.

Upepo. Nyasi kavu. Upepo tena. Hakuna ua hata moja.

Tulieleweshwa kwamba maua ni ya wakati wa mvua, uje Desemba mpaka Aprili. Sasa hivi okidi zimejificha ardhini kwenye viazi vyake, zimelala. Na viazi hivyo, tukaambiwa, watu walikuwa wakivichimba na kuvivusha kwenda Zambia kupikwa chikanda. Moyo wangu ukatulia. Kumbe wafukuaji tuko wengi. Nikamgeukia shemeji yenu kwa ushindi.

"Umeona? Hata Mungu mwezi wa saba hana bustani."

"Mungu," akasema, "hajaniomba hela ya mbegu."

Turudi mjini. Karoti hatimaye zikaja. Fupi, nene, moja ina miguu mitatu na inaonekana inataka kuondoka. Lakini tamu! Tamu ya ajabu. Bibi akasema karoti na kabichi zikipigwa na baridi zinajitengenezea sukari ndani ili maji yake yasigande, ndiyo maana za kipupwe zinazidi utamu. Fikiria hilo. Karoti ikipata shida inageuka sukari. Mimi nimepata shida ile ile, kwenye baridi ile ile, nimegeuka mafua. Nikaziosha, nikaziweka kwenye ungo, nikaingia ndani kutafuta sahani. Nikatoka. Kijana wa darasa la nne amekaa juu ya ndoo, anatafuna ya mwisho, ile ya miguu mitatu, ameanzia na miguu.

Sasa nyumbani swali ni moja kila jioni: bustani imetoa nini? Mwanaume utajibu nini? Nikatafuta utaratibu. Nikitoka kazini napitia genge lililo karibu na stendi, nachukua mnafu na figili, navificha ndani ya koti. Nazungukia nyuma ya nyumba. Nainama inama kidogo kwenye matuta. Natia udongo kwenye mizizi. Naingia na ungo, nimekunja uso wa mkulima. Shemeji yenu anasema, "Leo afadhali." Maisha yakawa matamu. Heshima ikarudi. Niliongezewa mpaka nyama.

Ijumaa tukawa tunatoka kanisani kwenye kwaya, mimi, shemeji yenu, watoto na bibi jirani, tunapita stendi. Mama wa genge akasimama juu ya stuli.

"Baba Bustani! Leo hupitii? Mnafu wako nimeufunga, hela ya jana utaleta na hii!"

Nikaangalia nyuma nione anamwita nani. Hakukuwa na mtu nyuma. Shemeji yenu hakusema kitu. Akaenda mpaka gengeni, akainua fungu la mnafu, akaligeuza, akauliza bei. Mia tano. Nikaanza kuhesabu kichwani nimetoa mia tano ngapi tangu mwezi wa sita, nikaacha, maana palikuwa na jambo lingine linakuja. Bibi naye alikuwa amelitazama lile fungu. Akakigusa kile kikamba cha mgomba kilicholifunga.

"Huu si mnafu wangu?"

Ni wake. Mama wa genge anauchukua kwake kila asubuhi kwa jumla. Yaani mboga inaota mita chache kutoka dirisha la chumba changu cha kulala. Inang'olewa nikiwa nimelala. Inapandishwa boda mpaka stendi. Mimi nakwenda stendi kwa boda, nailipia kwa bei ya rejareja, nairudisha kwa boda mpaka hatua chache kutoka ilipotoka, naipaka udongo. Bibi alicheka mpaka akakaa chini kwenye kreti la soda. Akasema kwa muda mrefu alikuwa anashangaa biashara imechangamka.

Jumamosi nikaenda kwenye ua wa matete kumweleza bibi ya moyoni. Nikamwambia bibi, mimi nimechoka. Huu msimu umenishinda tabia. Nasubiri tu mvua mwezi wa kumi na moja, joto lirudi, vitu viote, na mimi nipumzike.

Akanitazama kwa namna ambayo watu wa huku wananitazama.

"Mvua? Baba, huu wa sasa ndio msimu rahisi."

"Rahisi?"

"Wadudu wachache. Magugu yamelala. Maji unaweka mwenyewe, kiasi unachotaka. Ngoja mvua. Sota watakukata miche usiku. Konokono watakula kilichobaki. Ukungu utaingia kwenye nyanya na viazi, utapiga dawa, mvua itaosha, utapiga tena. Na magugu hayo, ukilala mchana ukiamka huoni tuta."

Nikashika ua. Shemeji yenu alikuwa ameshafika na kikapu, bibi kamwita achukue mbegu za maboga na maharage za kuandalia mvua. Wanazigawa, wanacheka, wananipangia pa kulima. Pamoja na kale kaeneo kengine ka mwenye nyumba kule chini, eti kamekaa bure.

Nikaona nibaki na swali moja la maana. Nimesikia sana habari za ulanzi, ile pombe ya mianzi ya huku, na sijawahi kuuonja. Nikamuuliza bibi, kwa heshima zote, naweza kuupata wapi, hata leo jioni.

"Ulanzi?" akasema. "Huo nao unasubiri mvua."